Tulipotia Chumvi Kwenye Sabuni

Jumapili, Septemba 1982. Ushirombo.

Upepo wa vumbi umeanza mapema leo, na anga lina rangi ya moshi kwa sababu watu wanachoma miti ya pamba mashambani. Mvua bado sana. Nimekaa barazani, mikono imenikauka na kupasuka, na nimejaa majivuno. Sitayaombea radhi. Mtu aliyetengeneza sabuni katika mwaka kama huu ana haki ya kujidai walau Jumapili moja.

Maana sabuni hakuna. Rafu za duka la kijiji zimebaki na viberiti tu. Tangu Pasaka tunafulia majani ya mpapai, ambayo kwa kaniki hayana neno, lakini nguo nyeupe huiachia ukijani usiotoka. Na leo ilikuwa Komunyo ya Kwanza. Watoto wote wa jumuiya yetu walitakiwa kuvaa nyeupe.

Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa jumuiya nikasema nitatengeneza sabuni. Hakuna aliyeniuliza. Mdomo wangu ulinitangulia, kama kawaida yake.

Akina mama wakaniamini. Kila mmoja alileta shahamu ya ng'ombe aliyokuwa ameihifadhi, na mafuta ya kupikia nayo yameadimika, kwa hiyo waliniletea kile kinachofanya mboga ishuke kooni. Ningeshindwa, watoto wao wangekula mchicha wa kuchemsha na nguo zingebaki chafu vilevile. Nililijua hilo tangu mwanzo.

Nyumbani kwangu kulikuwa na kesi kubwa zaidi.

Mama mkwe wangu, Mama Leokadia, ana gauni jeupe sandukuni. Lilikuwa la binti yake Leokadia, wifi yangu ambaye sikuwahi kumwona. Alilivaa siku ya Komunyo yake, na kabla mwaka haujaisha surua ikamchukua. Binti yangu Paskazia ameahidiwa gauni hilo tangu nikiwa nambeba mgongoni. Lakini limekuwa la manjano shingoni na kwapani, na nilipotaja kulifua kwa sabuni yangu, Mama alifunga sanduku.

"Gauni la Leokadia haliguswi na majivu yako, Mwalimu. Mtoto asubiri mwakani, sabuni ya dukani ikipatikana."

Akikasirika mimi ni Mwalimu. Akifurahi mimi ni Mama Paskazia. Wiki nzima nilikuwa Mwalimu.

Kitambaa cheupe cha kushonea gauni jingine hakipatikani hata Kahama, tumeulizia. Bila gauni lile, Paskazia angebaki benchi la nyuma akiwatazama wenzake. Alilia, akanyamaza, kisha akawa anaifuata kazi yangu kwa macho tu. Hilo liliniuma kuliko kilio.

Jumanne tulichuja majivu ya miti ya pamba. Maji yake niliyachanganya na chokaa iliyobaki tulipopaka kuta za kanisa, ili yawe makali zaidi, nikayaacha yatulie. Sufuria za alumini nilizikataa, kwani maji yale huzila. Tukapikia kwenye pipa la chuma lililokatwa katikati.

Mambo haya nayafundisha kila mwaka kwa chaki, na kila mwaka watoto wanasinzia. Molekuli ya mafuta ni gliserini iliyoshika mikia mitatu mirefu ya kaboni na haidrojeni. Maji makali ya majivu hukata vile vifungo vitatu. Kila mkia ukiachiliwa, unashikana na atomu ya potasiamu iliyotoka kwenye majivu. Huo mkia na potasiamu yake ndiyo sabuni. Hakuna uchawi hapo, ni kuachana na kuoana upya.

Tulikoroga kwa zamu mpaka jua likaelekea magharibi. Kilichotoka kilikuwa cha kahawia, laini, kinavutika.

"Mayu wee!" jirani yangu Mama Yustina akapiga makofi. "Mwalimu katupikia mlenda!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, maana kwa kweli ulikuwa mlenda. Lakini sikuogopa. Sabuni ya potasiamu huwa laini siku zote, na nilijua dawa yake. Tatizo ni kwamba dawa yenyewe nilipaswa kuiomba kwa watu walewale.

"Leteni chumvi," nikasema.

Kicheko kilikatika. Chumvi nayo ni ya kutafuta. Wamenipa mafuta ya mboga, sasa nataka na chumvi ya mboga! Mama Leokadia, aliyekuwa anatazama kutoka kwenye kivuli cha ghala, alitikisa kichwa akaingia ndani.

Nikaenda jikoni kwangu, nikachukua chumvi yetu yote, nikaitoa nje na kuimimina pipani mbele yao. Sikubakiza ya chakula cha jioni. Sodiamu ya kwenye chumvi na potasiamu ni ndugu wa kundi moja kwenye jedwali la elementi, kila mmoja ana elektroni moja ya nje anayotaka kuitoa. Ukileta sodiamu nyingi, zinakaa kwenye nafasi za potasiamu. Na sabuni ya sodiamu haikubali kukaa ndani ya maji ya chumvi.

Nilikoroga. Hakuna kilichotokea.

Nikasema haijatosha. Sijui sauti yangu ilikuwaje, lakini Mama Yustina aliinuka, akarudi na kopo lake la chumvi. Halafu mwingine akainuka.

Ilianza pembeni mwa pipa. Mabonge madogo yakajitenga na maji, yakapanda juu, yakaungana, jinsi siagi inavyojikusanya ukitikisa kibuyu cha maziwa. Hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Tuliiengua sabuni ile, tukaimimina kwenye sanduku la mbao, na Ijumaa tukaikata kwa uzi. Ngumu! Niliigusa kwa ulimi, haikuchoma, maana yake makali ya majivu yamekwisha. Mama Yustina alikinusa kipande chake kama mtu anayenusa mkate.

Jana Jumamosi nilianza kufua shati la mume wangu uani, ili jumuiya nzima ione. Povu lilikuwa dogo lakini la kweli. Shati likatoka jeupe.

Mama Leokadia akaja. Gauni alikuwa amelifunga ndani ya kanga, kalikumbatia, hakunipa.

"Inafanyaje?" akauliza.

Nikamweleza kwa raha zangu zote. Ule mkia unapenda mafuta, kichwa kinapenda maji. Mikia inazama kwenye mafuta ya mwili na jasho yaliyoshika uzi, vichwa vinavutwa na maji, na yale mafuta yanatoka yote. Nilisema hivyohivyo, yote, tena kwa fahari.

Alilisogeza gauni karibu na uso wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana sijawahi kulifua. Harufu ya mwanangu bado ipo shingoni."

Nilitamani kumeza maneno yangu. Siku zote nilidhani ananidharau na majivu yangu. Yeye alikuwa anaogopa kwamba sabuni itafanya kazi.

"Mama, tuache," nikamwambia. "Paskazia atasubiri."

Alilinusa gauni mara ya mwisho, akachuchumaa mbele ya beseni, akalifua mwenyewe. Alipomaliza maji yalikuwa ya kijivu.

"Kwa hiyo mafuta yake yamepotea?" akauliza.

Hilo nililijua, na nashukuru nililijua. "Hapana, Mama. Atomu hazipotei. Zimehama tu. Yote yaliyokuwa kwenye gauni yamo humo ndani ya maji."

Akaliinua beseni. Nilitaka kumsaidia, akakataa kwa bega. Alilibeba taratibu mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi dogo lililozungushiwa mawe, akayamwaga pale kidogo kidogo mpaka ardhi ikayanywa yote. Nililia nikiwa nimeshika shati la mume wangu, wala sikujificha.

Asubuhi hii Paskazia amepokea. Alikuwa mstari wa mbele, mweupe kuliko wote, na hilo silisemi kwa sababu mimi ni mama yake. Tulipotoka kanisani Mama alimvuta karibu, akainamisha uso kwenye ukosi wake.

"Ananuka moshi," akasema. Kisha akanigeukia kunishukuru. "Wabeja, Mama Paskazia."

Mchana tumekula maharage yasiyo na chumvi. Mama aliomba aongezwe.

Kesho nina kipindi cha sayansi darasa la saba. Chaki nitaiacha ofisini. Nitaingia na kipande cha sabuni na beseni la maji, na mtoto akiniuliza uchafu ukishatoka unakwenda wapi, nitamjibu polepole kuliko nilivyomjibu Mama.