Kwa Mdogo Wangu Aliyeondoka Kabla ya Jina

Mpendwa mdogo wangu,

Kwa miaka mingi nilishindwa kuianza barua hii, kwa sababu barua huanza kwa jina, nawe hukuwa nalo. Sasa nimeiandika, na nimeiacha wazi bila bahasha, kwa kuwa najua katika nyumba nyingi za huku kwetu Mbinga wamo dada na kaka wenye mdogo wao kama wewe. Pengine nao hawajui waanzie wapi.

Ulizaliwa hapa Mpepai wakati wa kuchuma kahawa, asubuhi ya baridi na ukungu. Mimi nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa amechoka sana, Bibi alikuwa jikoni akimpikia uji, na Baba alikuwa nyuma ya nyumba akizungusha mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Kwa hiyo kazi ya kukaa na wewe ikawa yangu. Bibi aliniketisha juu ya mkeka, mgongo ukutani, akakuweka mapajani mwangu na kuniambia, "Usimtikise. Mwangalie tu."

Nikakuangalia. Ndiyo maana nayajua mambo yako ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Sikio lako la kushoto lilikuwa limejikunja kwa juu. Ulikuwa ukipiga chafya moja, lazima upige na ya pili. Na ulipenda ile mashine. Baba alipoizungusha ulinyamaza, macho yamefumbuka, unasikiliza. Alipoiacha ili apanguse jasho, ulilia.

"Huyu ni mnyapara huyu," Baba alisema kutoka nje. "Ameshajua nikipumzika."

"Basi usipumzike," Mama akamjibu akiwa kitandani. Ndipo nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu akuzae.

Majirani walipokuja kukuona hawakuuliza unaitwa nani. Waliuliza, "Mgeni hajambo? Amelala salama?" Kwa Bibi yetu, mama yake Baba, mtoto ni mgeni mpaka kitovu kidondoke. Kikishadondoka, yeye Bibi humpa jina, na baada ya hapo ndipo hupelekwa kanisani kubatizwa. Kabla ya siku hiyo, alisema, hatujui kama amekuja kukaa au amekuja kusalimia.

Wewe ulikuja kusalimia. Niliamka asubuhi moja nikakuta wanawake wamejaa chumbani. Mashine ilikuwa kimya, na hata hivyo ulikuwa hulii. Hapakuwa na matanga. Wanawake peke yao walikwenda na wewe kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko, wakarudi, wakanawa mikono. Baba, kwa desturi hiyo hiyo, hakuruhusiwa kwenda. Alimenya kahawa siku nzima, na kahawa ilipokwisha kwenye mashine aliendelea kuizungusha tupu.

Nilipouliza uko wapi, Bibi alinijibu, "Mgeni amerudi kwao."

Mimi nilikuwa mtoto. Nilijua wageni wetu wote hurudi kwa basi la Songea. Kwa hiyo tulipokwenda Songea na Mama mwezi uliofuata, basi liliposimama njiani, kituo cha Kitai, nilitoa kichwa dirishani, katikati ya wauza ndizi na mahindi ya kuchoma, nikamtazama kila mtoto aliyebebwa mgongoni. Nilikuwa natafuta sikio lililojikunja. Mama aliniuliza, "Unatafuta nini, Imelda?" Nikamwambia, "Mgeni." Hakuniuliza tena mpaka tulipofika.

Sasa niko kidato cha tatu. Ninakaa hosteli mjini Mbinga, na Jumamosi hurudi nyumbani. Nataka nikueleze somo moja, maana ndilo lililonirudisha kwako.

Mwalimu wetu wa fizikia ni binti mdogo tu, sote tunamwita Madam. Mwaka huu, katika klabu yetu ya sayansi, alitufundisha habari za vitu vinavyozunguka jua mbali kuliko Neptuni. Ni vidogo na hafifu, havionekani kwa macho. Wataalamu hupiga picha sehemu moja ya anga, wakaipiga tena baadaye, kisha wakalinganisha. Nyota zote zinabaki pale pale. Nukta iliyosogea ndiyo mgeni. Lakini hawakipi jina kitu hicho papo hapo. Kwanza hukipa alama: mwaka kilipoonekana, herufi na namba. Jina huja njia yake ikishajulikana vizuri, na aliyekigundua ndiye anayelipendekeza. Kisha kuna kamati inayokubali au kukataa. Jina lisifanane na lililokwisha kutolewa. Kila kundi lina desturi yake pia: vinavyokwenda kwa mwendo kama wa Pluto huitwa majina ya kuzimu, na baadhi ya vingine huitwa majina ya habari za uumbaji kutoka kwa watu mbalimbali wa dunia.

"Madam," akauliza mvulana mmoja wa nyuma, "Pluto ilifukuzwa usayari kwa kosa gani? Ilikosa ada?"

Tulicheka wote, na Madam naye. "Haikufukuzwa," akasema. "Imehamishiwa mkondo mwingine. Sasa ni sayari kibete. Lakini yenyewe haikusogea hata hatua moja kwa sababu ya kikao chetu. Sisi ndio tuliobadili tunavyopanga."

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimesikia kwamba Pluto hutumia zaidi ya miaka mia mbili kulizunguka jua mara moja. "Sasa Madam, wakisubiri njia ijulikane, si mgunduzi atakuwa ameshakufa?"

"Hawasubiri kizunguke chote, Imelda. Kipande kidogo cha njia kikipimwa vizuri kinatosha kukokotoa kilichobaki."

"Na ukubwa? Lazima kiwe kikubwa?"

"Hapana. Yapo mawe madogo kuliko kilima hiki yenye majina. Ukubwa si sharti."

Baadaye alitupa zoezi: kila mmoja apendekeze jina la kitu cha huko mbali, jina la kutoka kwetu. Rafiki yangu Neema, aliyetoka Lituhi kule ziwani, akaandika Mbasa, samaki anayependwa zaidi kwao. Akatucheka sisi wa milimani, "Ninyi mtapendekeza kahawa na ubaridi." Mimi sikuandika kitu. Neema akanisukuma kwa kiwiko. "We Imelda, umekosa hata jina la mbuzi?"

Sikuweza kumwambia kwamba kuna jina moja nilikuwa sijalipata kwa miaka yote hii, na kwamba kabla ya hilo sikuona haki ya kutoa jingine.

Jumamosi hiyo nilimkuta Bibi uani akichagua mbegu za maharage. Nikamwamkia, nikaketi, nikaanza kumsaidia.

"Bibi, naomba kuuliza jambo."

"Uliza. Si ndivyo shule inavyowafundisha?"

"Yule mgeni. Naomba tumpe jina."

Mkono wake ulisimama kwenye ungo. "Aliyeondoka hapewi jina. Ukimwita, anageuka. Akigeuka, atamwona nani? Atamwona Ditram."

Ditram ni mdogo wetu, ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Alizaliwa baada yako na akapewa jina la Babu. Mama aliwahi kuniambia kwamba yeye alitumaini jina hilo lingekuwa lako.

Nikamweleza Bibi somo la Madam lote, alama na njia na kamati. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mwalimu wako amezaa wangapi?"

"Hajazaa bado, Bibi."

"Basi."

"Lakini wewe ndiwe uliyeniambia nimwangalie," nikasema. "Alikaa siku chache, lakini nilimwangalia vizuri."

Najua kwamba kwa mawe ya mbali siku chache hazitoshi, wataalamu hufuatilia kwa miaka. Lakini wewe hukuwa jiwe. Nilitaka tu, Novemba hii, jumuiya yetu ya kanisa itakapokuja kwetu kuwaombea marehemu na kila nyumba kuwataja wake kwa sauti, na wewe utajwe. Kila mwaka nilisikia wakitajwa wazee walioishi mpaka meno yakaisha, nikangoja, na zamu ikapita kwenda nyumba nyingine. Mtoto asiyetajwa, baada yangu mimi, nani atajua kwamba alipiga chafya?

Bibi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema polepole, akitazama maharage, "Mimi nina wangu watatu pale migombani. Kabla ya baba yako. Nani aliwapa majina? Na walipo sasa sipajui. Mgomba hautulii. Unaukata, mwana anaota pembeni, naye anakatwa, mwana wake anaota pembeni tena. Shina nililowalaza chini yake limeshatembea mpaka njiani."

Nilikuwa nimekuja kudai haki yako, nikakuta kuna wengine watatu mbele yako kwenye foleni. Kwa ujinga wangu nikasema, "Mimi nilifikiria aitwe Leo."

"Leo?" Bibi akainua kichwa. "Hilo jina la paka wa parokiani." Akainuka na ungo wake, akaingia ndani.

Usiku huo Mama aliniambia, "Umeshasema. Usimsukume." Sikumsukuma, lakini moyoni nilikwisha kukata shauri. Siku ya jumuiya, wengine wakimaliza, mimi ningesema tu "na mgeni wetu", kisha chochote kitakachotokea kitokee.

Siku ikafika. Watu walijaa uani, wengine kwenye viti, wengine kwenye mikeka. Mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Nyumba hii, tutajieni marehemu wenu." Baba akasimama. Akamtaja Babu Ditram, watu wakaitikia kumwombea raha ya milele. Akamtaja shangazi Winfrida, wakaitikia. Baada ya hapo hakuketi.

"Ndio hao?" akauliza mwenyekiti.

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Bibi, aliyekuwa ameketi mkekani miguu ameinyoosha, akasema kwa sauti ile ile anayoitia kuku:

"Otmari."

Watu wakaitikia. Mwenyekiti, ambaye anaijua nyumba yetu tangu utoto wake, akainama kidogo. "Samahani Mama, Otmari ni nani?"

"Mjukuu wangu."

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alivuta pumzi, akasema, "Kolumba." Watu wakaitikia. "Egno." Wakaitikia. "Skolastika." Baba alimgeukia mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekua akijua kwamba yeye ni mtoto wa kwanza. Mama alijifunika uso kwa ncha ya khanga, na jirani yetu mmoja mzee, ambaye sijawahi kumwona akilia, aliinama akasema jina ambalo mimi silijui, na watu wakaliitikia hilo pia.

Walipoondoka, nilikuwa naosha vikombe na Bibi anavipanga. "Bibi," nikasema, "jina la Otmari umelitoa wapi?"

"Nilikuwa nalo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipokupa umshike." Akapokea kikombe, akakipangusa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Kwani wewe ulidhani mtu anaweza kumbeba mtoto asimwite chochote?"

Otmari. Nimeliandika mara nyingi wiki hii pembeni mwa karatasi za hesabu, ili mkono uzoee. Nilidhani ni mimi niliyekuona kwanza na kwamba ni mimi ninayekukumbuka peke yangu. Sivyo, na nimefurahi kwamba sivyo. Mwakani nitafanya mtihani wa kidato cha nne. Nikifaulu vizuri nataka kusoma fizikia, mpaka siku moja nikae mbele ya zile picha za anga na kutafuta kilichosogea. Madam anasema ni kazi ya subira, na wengi huichoka. Sidhani kama nitaichoka.

Habari moja nimeiacha ya mwisho. Baada ya jumuiya, Ditram alimfuata Mama jikoni. "Otmari ni nani?"

"Kaka yako."

"Mkubwa kwangu?"

"Amekuzidi."

"Kwa hiyo mimi siyo mvulana wa kwanza?"

"Wewe ni wa pili, baba."

Alinuna. Hakula vizuri. Miaka sita yote amekuwa kifungua mimba wa wavulana wa nyumba hii, na kwa jioni moja ameambiwa ameshushwa. Lakini asubuhi, nilipokuwa nafagia uani, nilimwona amesimama mbele ya migomba akiwa na sare yake ya shule ingawa ilikuwa Jumapili, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa.

"Shikamoo, kaka Otmari," akasema. Akabaki amesimama, anangoja.

Nikaweka ufagio chini, nikamwitikia kwa niaba yako.

"Marahaba."

Ulale salama.

Ni mimi dada yako,
Imelda