Samaki wa Msiba Wako

Baba,

Nilitaka nianze na habari za nyumbani, kwamba mama hajambo na mihogo imekubali. Siwezi. Nina hasira.

Siku tunakuzika watu walijaa, wengine wametoka Kakonko huko. Mboga hamna. Baba mdogo Yohana akachukua vijana wakaenda kwenye dimbwi lako, pale mto unapozunguka mwamba, wakaponda majani ya utupa wakamwaga sumu yote. Samaki wakaelea, wakubwa kwa watoto. Watu wakala, wakasema mzee kaagwa vizuri. Vizuri! Mimi nachochea moto, naangalia sufuriani, nawaona wale wadogo wa mkia mwekundu wanatokota.

Wale wale, Baba. Unakumbuka watu wa utafiti walivyokuja, ukawashikia wavu? Samaki anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Mabamba nzima ikakucheka: "Mzee, kwani hao ni wakwe zako, unawaheshimu hivyo?" Ukawajibu, "Ndiyo, na mahari sijamaliza." Toka hapo ukimnasa mwenyewe unamrudisha.

Juzi wale wa utafiti wamerudi. Yule dada kiongozi wao akauliza, "Mzee wangu yuko wapi?" Nikamwonyesha kaburi. Akalia. Tukashusha wavu dimbwini kutwa nzima, hamna. Anasema mito ya Kasulu walishapita, mkia mwekundu hawakumwona, wakabaki wanategemea hapa kwako. Na baba mdogo kasimama pale ukingoni, hana hata aibu: "Samaki huwa wanahama, dada." Wanahama! Walihamia matumboni mwenu!

Nikampeleka dada juu, kwenye kile kijito chetu, chini ya mizizi. Wapo, Baba. Wachache, ila wapo. Dada alinikumbatia mpaka nikaona haya.

Sasa Jumamosi tunaondoa matanga. Na baba mdogo, alivyosikia, anawaambia vijana, "Kumbe huko juu bado wapo. Twangeni utupa."

Nikasema, "Baba mdogo, huko usiende." Wote wakageuka. Hawajaizoea sauti yangu. Akacheka: "Leo bubu kasema! Unamnyima baba yako heshima?"

Heshima gani hiyo?

Mbuzi wangu nimemfunga mlangoni kwake. Wamchinje huyo badala ya samaki. Ila baba mdogo simwamini, kwa hiyo Jumamosi usinitafute matangani. Nitakuwa nimesimama kijitoni, maji magotini. Wakija na utupa wao, watanimwagia mimi kwanza.

Lala amahoro, lala kwa amani, Baba. Mahari ya wakwe zako nitaimalizia mimi.

Mwanao