Injini ya Baba

Jumanne

Basi hata ile imekwenda. Injini ndogo ya treni, ya Kijerumani, ambayo marehemu baba alianza nayo mkusanyo wetu wa treni za kuchezea. Leo nimeitoa kabatini nikakuta ubavu umepasuka. Nilipoigusa, gurudumu likamomonyoka mkononi kama udongo mkavu.

"Si uigundishe tu?" mke wangu akasema.

Gundi haisaidii. Kiwandani walitumia zinki iliyochanganyika na madini ya risasi, na zinki ya hivyo huoza yenyewe kutoka ndani, hata ukiitunza vipi.

Jioni mama akapiga simu kutoka Old Moshi. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Basi baba yako ndiyo ameondoka kabisa," akasema.



Kabatini zimebaki nyingine za kiwanda kilekile. Naogopa kuzitoa.