Malenge la Mwisho la Baba

Jumapili

Mia mbili yangu imerudi nyumbani nzima, na hilo ndilo linaniumiza.

Mama alipeleka kanisani malenge la mwisho alilopanda Baba kabla ya kufa, liuzwe kwenye mnada baada ya ibada. Niliamua kulinunua kwa ile mia mbili ya sadaka. Kikapu cha sadaka kilipopita nikainamisha kichwa, sikutia kitu.

“Mia moja na hamsini! Nani anaongeza? Ama mnangoja nipike kwanza?” mzee wa kanisa alitania, watu wakacheka.

Nilifungua mdomo. Sauti ikakataa. Malenge likabebwa na mama mmoja wa kwaya.

“Sadaka ulitoa ngapi?” Mama aliniuliza njiani.

“Zote.”

Mungu sikumpa. Na malenge la Baba linachemka kwenye sufuria ya wengine.