Upele Ulioitwa Ukoma

Magwagwa, Jumatano, mwezi wa nne, 1951

Mvua imeanza adhuhuri na haijakata. Mablanketi yote tuliyochemsha yametundikwa ndani, juu ya meko, na nyumba nzima inanuka sabuni, moshi na dawa ya kiberiti. Nimenawa mikono mara nne. Harufu ya usaha bado iko puani.

Sijala chochote tangu asubuhi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine anayeweza kukisoma, na haya ya leo sitaki yasomwe.

Mimi ni dresa katika dispensari ndogo ya hapa sokoni. Miaka mitatu sasa nafunga vidonda vya watu: majipu ya kwapani, mapunye vichwani mwa watoto, choa chenye mabaka ya mviringo, vidole vya miguu vilivyooza kwa funza. Watu wanafikiri tunazoea. Mimi sijazoea hata siku moja. Nilichojifunza ni kutokunja pua mbele ya mgonjwa.

Dada yangu Kemunto alikuwa aolewe mwezi ujao na Ombati, mwalimu wa kule Sironga. Juzi Jumatatu, nikiwa kazini, Ombati alikuja nyumbani na baba yake na shangazi yake kupanga siku ya arusi. Kemunto akawaletea maji ya kunawa. Shangazi akaona mikono yake. Hakuishika. Aliokota kijiti cha kuni, akaugeuza mkono wa dada yangu kwa kile kijiti, kama mtu anayegeuza panya aliyekufa.

"Huu ni ukoma," akasema. "Hatupeleki ukoma kwetu."

Wakaondoka. Ugali wa wimbi ukabaki mezani haujaguswa. Ombati hakusema neno.

Niliporudi jioni nilimkuta mama analia na Kemunto ameficha mikono ndani ya leso. Nikamwambia anionyeshe. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imechubuka kwa kujikuna, kwenye viganja vya mikono kuna malengelenge yaliyojaa usaha wa manjano, na juu yake magamba yanayonata. Kiunoni ilikuwa hivyo hivyo, mama akanieleza.

Nilimfunga macho, nikampapasa kwa unyoya wa kuku kila palipokuwa na baka. Kila mara akasema, "Hapo." Ngozi ya mkoma hufa ganzi, hawezi kuhisi unyoya. Tena ukoma hauwashi, na huyu alikuwa halali kwa kujikuna. Nikawaambia baba na mama kwamba huu ni upele tu. Ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Uchafu wa kucha ukaingia kwenye michubuko, ndiyo maana pakatunga usaha.

Lakini sikuuhitaji ule unyoya. Nilijua kabla hajafungua vidole.

Nilijua kwa sababu mimi ninao.

Karibu miezi miwili sasa. Kwanza nikasema ni joto, kisha nikasema ni sabuni ya dispensari. Nilipoona vile vijistari vyembamba kati ya vidole vyangu, nilichota mafuta ya kiberiti, dawa ya upele, kwenye mkebe wa kazini nikawa najipaka nyuma ya choo, mikononi tu, mahali panapoonekana. Dresa mwenye upele! Nani angekubali nimguse? Kemunto aliposhikwa na homa mwezi uliopita akatetemeka kwa baridi, nilimpa blanketi langu alale nalo wiki nzima. Mama alinisifu kwa huruma yangu. Nilikuwa najikuna wakati ananisifu.

Jana tulianza kuchemsha nguo zote. Nililowesha magamba ya Kemunto kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka yakalegea, nikayatoa moja moja, nikapaka dawa ya zambarau kwenye vidonda. Kisha kila mtu wa nyumba, hata asiyewashwa, akajipaka kiberiti kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu. Baba alikataa, akasema yeye si mgonjwa. Nilimwambia akibaki mmoja, sote tutaupata tena. Akajipaka huku ananung'unika.

Leo alfajiri nilipanda baiskeli kwenda Sironga. Baba yake Ombati alinipokea vizuri. Shangazi alikuwepo, na Ombati pia. Nikaeleza yote, habari ya mdudu na ya unyoya. Shangazi akacheka.

"Wewe ni kaka yake. Utasema nini kingine?"

Ndipo nikakunja mikono ya shati, nikafungua vidole vyangu mbele yao.

"Mzee, tazama. Ulianza kwangu. Mimi ndiye niliyempa dada yangu."

Shangazi alivuta kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta. Nimewahi kuwatazama wagonjwa kwa jicho lile lile, moyoni. Sasa najua linavyouma.

Mzee aliinama akaitazama mikono yangu, kisha akauliza, "Huo unapona?"

"Unapona, Mzee. Kujikuna kunaendelea wiki mbili tatu hivi, lakini mdudu anakuwa amekufa."

"Basi mwambie baba yako tutarudi."

Ombati alinisindikiza hadi barabarani. Alisema hata yeye hakuamini kuwa ni ukoma. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema nipande baiskeli kabla mvua haijanyesha.

Nimefika hapa nimelowa chapachapa, nikidhani nimeleta habari njema. Kemunto alikuwa akikoroga nguo kwenye sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho, pamoja na lile la blanketi, kwa maana nilimwambia na hilo.

"Wasirudi," akasema. "Yule alijua, akanyamaza nikigeuzwa kwa kijiti. Siendi kwake."

Kisha akanitazama.

"Na wewe ulijua."

Akarudi kwenye sufuria yake. Baba amekasirika, anasema msichana anachezea bahati yake. Sikumuunga mkono, wala sitamuunga.

Najichukia. Upele unanitia kinyaa, lakini kinachonichefua zaidi ni mikebe na bandeji nilizoshika wiki zote hizo kwa mikono hii, na watoto niliowashika vichwa nikiwaambia mama zao wajifunze usafi.

Ni wangapi nimewaambukiza?

Kukicha nitamwambia mkubwa wangu kabla sijamgusa mgonjwa yeyote: nina upele, niondoe kwenye kazi ya bandeji mpaka nipone, na tuwaite wote niliowahudumia. Akinifukuza kazi, anifukuze.