Wimbo Ambao Yusta Hakuuimba

Jumamosi, Makambako. Upepo umeamka na hasira tangu asubuhi, vumbi la stendi limeingia mpaka ndani ya droo. Nimejifungia kwenye chumba changu cha kazi, nyuma ya duka la baba la spea za malori, nimejitanda khanga mbili. Chai imepoa bila kuguswa.

Sijapata kuwa hivi. Mtu akiniita, nashtuka kama nimeshikwa ugoni.

Niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa.

Kazi yangu ni kusambaza nyimbo za watu. Msanii anarekodi, mimi naupokea wimbo, naupandisha kwenye mtandao wa video, naandika jina lake bila kukosea, natafuta picha nzuri, najibu komenti, nafukuza wanaochukua nyimbo za wenzao na kuziweka kwenye chaneli zao. Mwenyewe sina sauti. Jina langu halipo popote. Baba bado anawaambia wateja kwamba mimi "nashughulika na mambo ya simu," nao wananiletea vioo vilivyopasuka niwatengenezee.

Msanii wangu wa kwanza alikuwa Yusta wa Mdandu. Hilo ni jina la kwenye nyimbo. Nyumbani kwake ni Mama Erasto, nami namwita hivyo hivyo. Ni mkulima wa viazi na mahindi, Mlutheri wa kuzaliwa. Sisi kwetu ni Waislamu, wahamiaji, watu wa malori. Alipokuja mara ya kwanza aliniuliza kama nitaona vibaya kushughulika na nyimbo za injili. Nikamwambia, imba kwanza Mama nisikie. Akaimba palepale, amesimama kati ya matairi na makopo ya oili, na wapakiaji waliokuwa nje wakaweka mizigo chini.

Sauti yake ilikuwa nzito chini na nyembamba juu, na kabla ya kupanda alikuwa na kakwikwi kadogo, kama mtu anayevuka mfereji na kujiuliza kama atafika. Watu walikapenda hako kakwikwi kuliko hata maneno.

Wakati wa mvua zilizopita aliugua koo. Uvimbe. Madaktari walimweleza mapema kwamba umekaa pabaya, kwamba maisha wataweza kuyaokoa lakini sauti hawana uhakika nayo. Akakubali kupasuliwa. Alitoka hospitali mzima. Sauti haikutoka naye. Kilichobaki ni mnong'ono, na ili uusikie lazima usogeze sikio.

Hatukutangaza. Aliniomba nisubiri kwanza, mpaka yeye mwenyewe akubali moyoni. Chaneli ikalala. Watu wakauliza, nikajibu kwamba Mama anapumzika. Haukuwa uongo.

Juzi Alhamisi asubuhi nimewasha simu na kukuta pongezi. Wimbo mpya wa Yusta wa Mdandu. Uko kwenye chaneli yake, chini ya jina lake, chaneli ambayo naiendesha mimi, na mimi sijapandisha kitu.

Unaitwa "Ukingo wa Mto." Picha ya juu ni yeye, amevaa kitenge ambacho sijawahi kumwona nacho. Shingo yake ni laini, haina hata alama.

Nikabonyeza.

Ilikuwa sauti yake. Siyo inayofanana. Yake. Mpaka kale kakwikwi kabla ya kupanda. Nilisikiliza mpaka mwisho nimesimama, mswaki mkononi, na wazo langu la kwanza lilikuwa la furaha: amepona. La pili, nalo lilikuja haraka, lilikuwa la wivu: amepona, akaenda kwa msambazaji mwingine, hata hakuniambia.

Nikampigia. Tangu augue tuna namna yetu ya kuongea kwenye simu. Mimi nauliza, yeye anagonga kwa ukucha. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Mama, umepona? Akagonga mara mbili.

Mama, umerekodi wimbo mpya mahali? Tena ukucha, mara mbili.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kuilisha kompyuta nyimbo za msanii mpaka ijue kuimba kama yeye, hata maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Nilidhani ni mambo ya wasanii wakubwa wa mbali. Nani ana shida na mama wa viazi wa Mdandu? Lakini nyimbo zake zote ziko wazi, nilizipandisha mimi mwenyewe, safi kabisa. Na mtandao haubishi hodi. Anayesambaza wimbo akiandika "Yusta wa Mdandu," wimbo unapelekwa wenyewe kwenye ukurasa wa mwenye jina. Nilitafuta aliyeusambaza. Nikakuta jina la kampuni nisiyoijua, haina anwani, haina simu. Mpaka sasa sijui ni nani, na sidhani kama nitajua.

Ningeweza kuomba uondolewe saa ileile. Sikuomba. Nilijiambia kwamba siwezi kufanya kitu bila neno la mwenyewe, na hilo ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba watu walikuwa wanarudi. Mwalimu mmoja wa Igwachanya aliandika kwamba alikuwa akimwombea Yusta kila siku na leo amejibiwa. Mwingine yuko wodini, anamuuguza mama yake, anasema wimbo huu ndio pekee unaomlaza mgonjwa. Na wimbo wenyewe ni mzuri. Basi, nimeshaliandika hilo. Ni mzuri kuliko ule wa mwisho tuliotengeneza pamoja.

Nilikuwa naupenda wimbo wa mwizi.

Jana Ijumaa nikaenda Mdandu. Baridi ya kule haina adabu, ukungu ulikuwa bado umelala mashambani na dereva wa bodaboda alikuwa amejifunga shuka kichwani kama mgonjwa. Nilimkuta Mama Erasto sebuleni anachambua viazi vya mbegu, skafu shingoni. "Kamwene," nikamsalimu kwa Kibena changu cha kuokoteza, naye akaitikia kwa midomo. Nikamweleza polepole. Hakuonyesha kuelewa, na mimi nisingemlaumu. Basi nikaweka simu juu ya meza, nikaongeza sauti, nikauacha uimbe.

Aliacha viazi. Mikono akaiweka mapajani, kama watu wanavyokaa kanisani wakati wa somo. Hakulia. Aliitazama simu tu. Ilipofika pale pa kupanda, na kale kakwikwi kakaja, mkono wake ulikwenda kooni.

Ndipo tuliposikia mbio uani.

Mume wake, Baba Erasto, alikuwa zizini nyuma ya nyumba. Alitokea mlangoni na gambuti zenye samadi, jambo ambalo najua katika nyumba ile haliruhusiwi. Alikuwa ameiacha ndoo huko huko, maziwa yalikuwa yamemmwagikia suruali. Hakuniona. Alimtazama mkewe tu, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuona kwa mwanaume mzee.

"Mama Erasto," akasema. "Imerudi?"

Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Akaitazama midomo ya mkewe. Imefungwa. Akafuata sauti kwa macho mpaka mezani, akaiona simu.

Akakaa chini pale pale kizingitini.

Nilizima. Sijui kwa nini sikuzima mapema.

Halafu nikasema nilichokwenda kusema: kwamba Mama akitaka, naweza kudai uondolewe, maana hatukuutoa sisi. Nikadhani ni jambo la kuitikia tu. Kumbe.

"Uache," alisema Baba Erasto.

Mkewe akatikisa kichwa.

"Unadhuru nini? Unamsifu Mungu. Nyumba hii ina ukimya, binti, wewe hukai humu. Uache tu."

Mama Erasto alinivuta mkono nisogee. Sikio langu lilikuwa karibu na mdomo wake, na maneno yalitoka moja moja, kila moja na pumzi yake, nami nikawa nayarudia kwa sauti ili mumewe asikie.

"Huyo anasema kwa kinywa changu vitu nisivyovijua. Leo anamsifu Mungu. Kesho atasema nini?"

Mzee akawa anafuta maziwa kwenye suruali, na Mama akanivuta tena.

"Mimi nimeomba nikubali kunyamaza. Nilikuwa nimeanza kukubali."

"Na mimi je?" alisema mzee. Hakusema kwa ukali.

"Nyimbo zangu zipo. Sikiliza zile."

"Zile nazijua," akasema. "Hii ilikuwa mpya. Nilivyoisikia nilidhani..." Akaishia hapo. Akaanza kuvua gambuti, taratibu, moja, halafu nyingine, akazipeleka nje.

Mama Erasto akamwangalia anavyotoka. Halafu akafungua skafu. Nilikuwa nimemtembelea mara nyingi tangu augue lakini kovu lile sikuwahi kuliona lote. Akanielekeza kwa kidole kwenye simu, kisha kwenye uso wake. Alitaka nimrekodi.

Nikamwonya. Nilimwambia akishajionyesha hivi, hakuna kurudi nyuma. Watu wana maneno. Akanitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kupiga kelele. Tukafunga mlango na madirisha kwa sababu ya upepo, nikaweka simu karibu kadiri nilivyoweza, lakini nilipojaribu kusikiliza, mnongʼono wake ulikuwa kama karatasi inayoburutwa. Hauleweki.

Baba Erasto alikuwa amerudi, miguu mitupu. Akavuta kigoda, akakaa kando yake.

"Sema," akamwambia. "Mimi nitafuata."

Ndivyo tulivyofanya. Mama akanongʼona, mzee akainama akasikiliza, akarudia kwa sauti, kama mkalimani kwenye mkutano wa injili. "Mimi ni Yusta wa Mdandu." "Niliugua, nikapasuliwa, Mungu amenibakiza." "Hii ndiyo sauti niliyonayo sasa." Alikuwa akirudia vizuri, bila kuongeza neno. Halafu Mama akanongʼona sentensi nyingine na mzee hakurudia. Alitazama sakafu. Nilidhani hakusikia. Mama akamgusa goti.

"Ule wimbo," akasema, "si wa mke wangu."

Hapo ndipo nilipolia, nyuma ya kamera, mkono mmoja mdomoni ili nisiharibu sauti.

Leo asubuhi nimeipandisha video na kutuma madai yangu. Mchana nimejibiwa: wimbo umeondolewa kwenye ukurasa wake. Nakala zimeshazagaa kwenye chaneli nyingine, nitazifukuza moja moja. Nilishusha pumzi. Nikadhani mshtuko umekwisha, sasa ni kazi ya kawaida.

Nikafungua komenti.

Wapo waliolia. Wapo waliomwombea. Lakini zilizo juu kabisa, zilizopewa laiki nyingi, zinasema hivi: huyu siye Yusta. Yusta anaimba, tumemsikia juzi kwa masikio yetu. Mmoja anaeleza kwa kujiamini kwamba kovu limechorwa na kompyuta, watazame vizuri pembeni linavyocheza. Mwingine anasema ni huruma inatafutwa. Yule mwalimu wa Igwachanya, aliyekuwa akimwombea kila siku, ameandika kwa herufi kubwa: mrudishieni mama yetu chaneli yake.

Nimesoma mara tatu.

Kisichokuwepo wamekiamini siku ileile. Aliyepo, mwenye kovu lake na mume wake kando, wanamwomba uthibitisho.

Nilimpigia Baba Erasto kwa sababu sikuweza kubaki nalo peke yangu. Nilimsomea chache, siyo zile mbaya zaidi. Nilisikia ngʼombe nyuma yake. Kisha akasema, "Usiwakasirikie, binti. Wamesikia kama nilivyosikia mimi. Na mimi nalala naye kitanda kimoja."

Mama Erasto anasemaje, nikauliza. Akasema yuko shambani. Amemwambia yeye Baba asimsomee komenti zozote, kwa sababu viazi vya mbegu havisubiri.

Nilijaribu kuwajibu watu. Niliandika: ni yeye, nilikuwepo, mimi ndiye niliyerekodi. Dakika chache baadaye kijana mmoja akanijibu kwa maneno machache, wala hakutukana.

"Na wewe ni nani?"

Nimekaa nikiitazama sentensi hiyo tangu alasiri. Ni swali la haki. Miaka yote nimeandika majina ya wenzangu bila kukosea herufi na sijawahi kuweka langu mahali. Sina uso. Kwa kijana huyo hata mimi naweza kuwa kitu kilichotengenezwa, kama sauti ile.

Uso wangu sipendi kuuona kwenye kamera. Na najua baba atasikia maneno dukani, binti wa Kiislamu anasimama mbele ya watu kutetea nyimbo za kanisani. Atasikia, na jioni tutazungumza.

Lakini kesho asubuhi, upepo ukipoa, nitaweka kiti hapa dukani, kati ya matairi, mahali ambapo kila dereva wa Makambako anapajua na anaweza kuja kuhakikisha. Nitaelekeza kamera kwangu. Nimejaribu maneno marefu, nimeyafuta yote. Yamebaki haya.

Naitwa Zuhura. Nilikuwepo.