Herufi za Kadi ya Harusi

Mwende, sasa?

Hapa Kambi Muru tuko. Mamako bado anauza chapati pale stendi ya Kawangware 46. Nyanyako anakusalimu, ingawa amekataa kufua soksi zangu. Anasema zinaweza kujipeleka mtoni zenyewe.

Unauliza kwa nini sikuzisifu herufi ulizochora chuoni, zile zenye nguzo nene, nyuzi nyembamba na viatu vidogo miguuni. Zinapendeza, kama mchungaji aliyeazima suti. Hata mimi nilichora za aina hiyo nikiwa kijana, nikiandika mabango ya saluni na bucha. Mtoto wetu wa kwanza, Mutua, alipokufa, nyanyako aliniambia, "Baba Mutua, msalaba wake uandike kwa zile herufi zako za kadi ya harusi. Kadi yake mwenyewe haitakuja."

Nikaandika vizuri hadi wachimba kaburi wakasimama kutazama.

Mvua ilikula nyuzi nyembamba kwanza, halafu jua likamaliza nguzo. Tuliporudi miaka baadaye, makaburi mapya yalikuwa yamejaa kila upande, na misalaba yote ya zamani haikuwa na majina. Tulizunguka hadi miguu ikauma. Hatukumpata.

Nyanyako akachagua msalaba mmoja, akapiga magoti. "Lia hapa," akaniambia. "Hata huyu ana mama."

Babu yako